Mtani Wangu Niliyemfanya Kaka

Tusi la kwanza alilonitukana lilikuwa la miguu yangu. Nilikuwa nimetua tenga la ndizi kwenye njia ya kambi ya chai, najifuta jasho kwa kanga, akapita mwanamume mrefu, mweusi, ana gogo la mkaratusi begani. Akasimama. Akanitazama kuanzia magotini kwenda chini.

"Miguu hii ni ya mbuzi wa Mtae," akasema. "Inajua kupanda tu. Ikiambiwa ishuke inauliza njia."

Na kweli mimi ni wa Mtae, kule juu kabisa mwisho wa barabara. Nadhani alinijua kwa lafudhi, maana nilikuwa nimepiga kelele za ndizi tangu asubuhi. Nikamuuliza, "Wewe kabila gani, unamtukana mke wa mtu njiani?"

"Mnyamwezi."

"Ungesema hivyo tangu mwanzo. Pita basi, mtumwa wangu. Bega la babu yako lilibeba meno ya tembo, lako linabeba kuni. Ukoo wenu mna bega tu, kichwa mlikiacha Tabora."

Alicheka mpaka gogo likamponyoka, likaviringika kwenye majani ya chai. Tulijuana hivyo. Toka siku hiyo akawa mtani wangu na mimi mtani wake, na kwa muda mrefu kuliko ndoa za watu wengi hatukuwahi kusalimiana kama binadamu.

Jina lake ninalo, ila sitaliandika, kwa sababu sikuwahi kumwita kwa jina. Nilimwita Mtani. Alizaliwa lini, baba yake nani, mama yake wa wapi, usiniulize. Hayo ya kuchunguzana ukoo tuliwaachia wanaotaka kuoana.

Vijana wa sasa mnadhani utani ni mzaha tu, mtu akichekesha mnasema ana utani. Utani wa makabila si huo. Sisi Wasambaa na Wanyamwezi ni watani tangu wazee wetu, na utani una taratibu zake kama ndoa ilivyo na zake. Mtani anakutukana na hukasiriki. Ukikasirika umekula hasara, watu wanakucheka wewe. Mtani anaingia kwako anachukua kitu, na humpeleki kwa balozi wa nyumba kumi. Ukifiwa, yeye ndiye anayeshika jembe kuchimba kaburi, na yeye ndiye anayekuchekesha huku machozi hayajakauka. Si ndugu, si rafiki. Rafiki unaweza kumkosea ukamkosa. Mtani hukosani naye hata ukitaka.

Kazi yake ilikuwa tanuri. Watu wanaokunywa chai wanadhani inakaushwa na jua. Nani ana jua huku kwetu, ukungu unaamka kabla yako na kulala baada yako. Chai inakaushwa na moto wa kuni, na moto ule alikuwa anaulisha yeye. Nyusi hakuwa nazo, ziliungua zamani zikakata tamaa ya kuota. Viganja vyake vilikuwa vigumu, akishika kikombe cha bati cha moto anakishika kote, hatafuti kishikio chake. Nilimwambia siku moja, "Mkeo anajua saa ngapi unamshika? Au anadhani mlango umemwegemea?"

Akasema, "Muulize mumeo. Yeye nikimpa mkono analia."

Chai aliipenda kupita kiasi, na aliisema vibaya kupita kiasi. Alikuwa anasema majani mazuri yanakwenda Ulaya, sisi tunaachiwa vumbi la kufagia sakafuni, na huku anasema hivyo anasukuma kikombe mbele aongezewe. Alikuwa mtu wa namna hiyo. Idi alikuwa Mwislamu wa kwanza kufika kwenye pilau, Krismasi alikuwa Mkristo wa kwanza kufika kwenye pilau. Mume wangu, ambaye alikuwa mtu wa msikitini, alimuuliza kwa upole ataipokea lini dini moja. Akajibu, "Nikishiba, shehe. Mtu hachagui dini na njaa." Mume wangu akacheka, halafu akakasirika kwamba amecheka.

Lakini mdomo ule ulikuwa na mipaka. Mtoto hakumtukana. Mgonjwa hakumtukana. Mama mmoja kambini mimba zilikuwa zinamharibikia, na mbele ya mama huyo nilimwona Mtani anapita kimya, kofia mkononi, kama anapita mbele ya msikiti. Nikamcheka. Akaniambia, "Tusi ni kwa mwenye nguvu ya kulibeba." Ndipo nilipojua kwamba matusi yote yale aliyonipa alikuwa ananihesabu mimi ni mwenye nguvu. Siku ile nilitembea vizuri.

Jambo jingine la kulijua ni kwamba hakupokea. Ukimpa kitu, anakataa. Ukimwekea sahani ya bada, ule ugali wetu wa muhogo, na mboga, ukamwambia karibu Mtani, anasema ameshiba, na tumbo linamsuta. Lakini geuka kidogo. Ukirudi jikoni sufuria imepungua, na sauti iko nje inasema, "Bada lenu hili mnakandikia nyumba?" Kuku wangu alikuwa anamkamata mchana kweupe, anampitisha mbele yangu kichwa chini, ananiambia, "Huyu anakwenda Tabora kusalimia." Na mimi ninapiga kelele kijiji kizima kisikie, mwizi, mwizi wa Kinyamwezi, watu wanacheka. Kesho yake naamka nakuta mzigo wa kuni za mkaratusi mlangoni, zimepasuliwa vizuri, kavu. Nani kaleta, hakuna anayejua. Sikumshukuru. Ningemshukuru ningemwaibisha.

Alipofiwa na mke, na mtoto wao wa kike akamfuata mama yake mvua zile zile, wanawake wa kambi na wa kijiji walimpelekea vyakula. Sahani zimefunikwa, zimepangwa barazani. Hakugusa. Siku zikapita, sahani zinarudi kama zilivyokwenda. Mimi nikaenda. Sikupiga hodi, nikaingia, nikachukua jembe lake lililosimama pembeni, nikamwambia, "Nimekuja kukuibia, maana sasa huna mke wa kunifukuza." Nikaacha sufuria ya maharage pale jembe lilipokuwa limesimama, nikaondoka. Kesho yake asubuhi jembe halipo kwangu, na jogoo pia hayupo. Nikajua amekula. Aliwazika wote wawili nyuma ya mikaratusi, mahali pa makaburi ya kambi, na kila Jumapili alikwenda kufyeka majani pale. Hakunialika hata mara moja, na mimi sikwenda.

Mume wangu alipokufa yeye ndiye aliyechimba. Wanaume walipotoka makaburini watu wamejaa uwanjani, mimi nimekaa kwenye mkeka na wanawake, macho yamevimba. Mlango wa chumba ukafunguliwa akatoka Mtani, amevaa koti la marehemu, kofia ya marehemu, fimbo ya marehemu. Anatembea kama yeye, bega moja juu, anakohoa kama yeye. Akaja mpaka mkekani, akasema kwa sauti ile ile ya mume wangu ya kila jioni, "Mama watoto, chai imekwenda kuchumwa au inakuja?"

Shehe wa msikiti akasonya. Wanawake wakaziba midomo. Mimi nilicheka, Mungu wangu nilicheka mpaka nikalala ubavu, halafu kicheko kikageuka nikalia kilio ambacho nilikuwa sijakilia tangu alfajiri. Ndiyo kazi ya mtani. Ndugu zangu wote waliokuja kutoka Mtae na Lukozi walinishika mikono wakaniambia vumilia. Yeye peke yake alinionyesha mume wangu mara ya mwisho.

Sasa niseme habari za kuuzwa.

Ilikuwa ile miaka ya ruksa, kila kitu kinafunguliwa. Mitumba imejaa Lushoto, maduka yana sabuni za kunukia, zahanati imeanza kusema mgonjwa achangie. Na mashirika yanauzwa. Shamba la chai lilikuwa la shirika, likapata mwenyewe. Mwenyewe mpya akaleta vijana, na mashine, na akataka layini za kambi, zile nyumba za mistari za wafanyakazi, zitoke watu wasio na kazi. Wenye nguvu waliondoka wenyewe, wengine Korogwe, wengine mashamba ya mkonge. Wakabaki wazee, Mtani mmoja wao. Manamba wa zamani wale, waliokuja kwa treni vijana, kutoka kila pembe ya nchi, wakazeekea kwenye majani ya chai ya watu.

Kijiji kikasema si watu wetu. Nisiwafiche, kijiji ni sisi. Watu waliogopa wale wazee wakiandikwa kijijini wataomba mashamba, na mashamba yenyewe yamekwisha, watoto wetu wanalima kwenye miamba. Kambi haikuwa kijiji. Ilikuwa mali ya shirika, kama kiwanda, kama trekta. Kwa hiyo mtu aliyekaa kambini maisha yake yote, mbele ya serikali alikuwa hajakaa popote.

Ndipo tukasikia ile sheria ya kurudishana makwao. Mtu asiye na kazi, asiye na shamba, asiye na ndugu wa kumtunza, si mzigo wa wilaya aliyopo. Ni mzigo wa wilaya ya kwao, apelekwe huko. Maneno mazuri, ukiyasikia haraka unaona ni huruma, mzee anarudishwa nyumbani. Mimi mwenyewe nilitolewa Mtae nikaletwa upande huu wa Bungu, na hakuna afisa aliyekuja kuniuliza kwetu ni wapi. Mwanamke akihamishwa anaitwa bibi harusi. Maskini akihamishwa anaitwa mzigo.

Wa kwanza kupelekwa alikuwa bibi mmoja wa layini ya chini, mchuma chai, mgongo umepinda kama kikapu chake bado kipo. Kwao ni katikati ya nchi huko, kwenye ukame. Akapandishwa gari, amevaa sweta yake ya mlimani, anatuaga kwa mkono. Kule walipomfikisha, wilaya ile ikasema haimjui, hakuna mtu wa ukoo wake, kijiji alichokitaja kilihamishwa zamani. Nao wakampandisha basi arudi alikotoka. Lakini huku alikotoka layini yake imeshabomolewa. Akaishia stendi ya Korogwe, analala kwenye maboksi nyuma ya vibanda vya chipsi. Mtani alipopata habari alishuka kumtafuta. Alirudi peke yake. Nikamuuliza yuko wapi. Hakunitukana. Akasema, "Wamemzika manispaa."

"Korogwe hakuna manispaa," nikasema, nikitafuta mzaha.

"Basi yeyote anayezika watu wasio na watu," akasema, akaenda zake.

Kwa hiyo mkutano ulipoitwa wa kuwahoji wazee waliobaki, mimi nilikwenda mapema nikakaa mbele. Afisa ustawi wa jamii alikuwa kijana wa watu, mpole, amekuja na pikipiki, tope mpaka magotini. Nasema mpole maana ni kweli. Watu wanapenda kusikia kwamba alikuwa katili. Alimpa kila mzee kiti, aliwaamkia shikamoo mmoja mmoja. Sheria haikuwa yake, alikuwa ameibeba tu.

Zamu ya Mtani ikafika. Akakaa na kofia yake kichwani.

"Mzee wangu, una ndugu hapa?"

"Ninao wawili. Wamelala."

Watu wakacheka, wakadhani ameanza. Mimi sikucheka.

"Wamelala wapi?"

"Nyuma ya mikaratusi. Na mimi ndiko kulala kwangu, kama hamjaniuza pamoja na miti."

Kijana akainama kidogo. "Pole, mzee. Nauliza ndugu aliye hai."

"Hai sina."

"Na Tabora?"

"Tabora niliondoka na suruali fupi. Hata mlango wa kwetu sikumbuki ulitazama wapi. Ukinipeleka nitapiga hodi kwa nani? Nitasimama njiani niulize, jamani, nani kapotelewa na mzee?"

Kijana aligeuzageuza karatasi zake. Mtu angedhani anahesabu kitu. Halafu akasema taratibu kwamba anaelewa, lakini bila ndugu wa kumchukua yeye hana la kuandika, na gari linakuja mwisho wa wiki.

Nikasimama. "Huyu anakula kwangu."

"Wewe ni nani kwake, mama?"

"Mtani wake."

Wakacheka wote, na afisa akacheka, kwa sababu naye alikuwa na watani, alijua. Akasema, "Mama, hata mimi nina watani, ningependa wanitunze. Lakini mtani anakuja msibani, anachukua kuku, anaondoka. Sheria inataka mtu wa damu, au mtu aliyemchukua kama wa damu, mbele ya wazee, akae naye."

Nilimtazama Mtani. Alikuwa ananiangalia kwa pembeni, mdomo umeshaanza kukaa tayari, najua alikuwa na tusi pale, anasubiri nilete mpira aupige. Nikamwona akilini yule bibi wa layini ya chini na sweta yake. Nikasema, "Basi ni kaka yangu."

Mwenyekiti wa kijiji alikuwa mdogo wake marehemu mume wangu, mtu wa mila sana. Akaweka fimbo chini. "Shemeji. Umesikia ulichosema?"

"Nimesema mwenyewe, nitakosaje kukisikia."

"Ukisema kaka mbele ya wazee umesema. Kaka hatukanwi. Kaka haibiwi kuku wala haibi. Huwezi kumwita kaka leo kwa ajili ya serikali, kesho ukamwita mtumwa wako. Kaa chini ufikiri."

"Nimefikiri nimesimama. Miguu yangu ndiyo inayofikiri."

Hakuna aliyecheka. Afisa akamgeukia Mtani. "Mzee, unasemaje? Huyu ni dada yako?"

Ukungu ulikuwa umeingia mpaka kwenye uwanja wa ofisi, watu wa nyuma hawaonekani, wanasikika wakikohoa tu. Alikuwa anaweza kusema lolote. Alikuwa anaweza kusema, dada yangu awe huyu, mwenye sura ya kobe? Tungecheka, na angepanda gari. Nilimwona anatazama upande wa mikaratusi, ingawa toka pale mikaratusi haionekani. Halafu akavua kofia, akaiweka gotini, akasema kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia, sauti ya mtu yeyote tu:

"Ndiyo. Ni dada yangu."

Wazee hawakungoja. Alichinjwa jogoo wa kuapishia undugu, tena wangu, likachomwa ini, likakatwa vipande viwili. Kimoja nikapewa mimi, kimoja yeye, tukala tunatazamana. Alitafuna kipande kidogo kile muda mrefu kama mtu anayetafuna ngozi. Nikaona jasho kwenye paji la uso ambalo moto wa tanuri haukuwahi kulishinda.

Nilimpa chumba cha mwanangu aliyehamia Tanga, mlango wake unatazamana na jiko langu. Alikuja na blanketi, panga, kikombe cha bati. Asubuhi ya kwanza niliamka nikakuta uwanja umefagiliwa. Akanisalimia kwa Kisambaa, "Onga makeo, dada," maneno ambayo zamani alikuwa anayasema akibana pua kutuigiza. Safari hii hakubana pua.

Nilidhani ni aibu ya ugeni, itakwisha. Haikwisha. Kila kitu alichokuwa anakichukua, sasa alikuwa anaomba. "Dada, naomba chumvi." "Dada, hodi, naweza kuingia?" Jikoni ambamo alikuwa anaingia kama upepo, sasa anasimama kizingitini, na nisipomkaribisha mara mbili haingii. Chakula nikawa nampelekea kwenye sahani iliyofunikwa, yeye anapokea kwa mikono miwili, anasema asante. Asante. Nilikuwa sijui neno hilo analijua. Na alikuwa anakula kidogo, anabakiza, kwa sababu sasa kile chakula alikuwa amepewa.

Nilimsema. Nilimwambia, "Kula, kuku wako mwenyewe huyu, uliwaiba mama zake wote." Akatabasamu chini. "Nimeshiba, dada."

Na kijiji nacho kilibadilika kwake. Kaka yake Msambaa ni Msambaa, sasa nani amtanie? Wanyamwezi wenzake walikuwa wameondoka na sanduku zao. Watoto wakamwita mjomba, wakamwamkia, akawaitikia marahaba. Wanawake waliokuwa wanamrushia maneno kisimani wakawa wanampisha njia. Mzee wa watu alitoka Unyamwezini bila kupanda treni. Walikuwa wanataka kumpeleka Tabora, mimi nikamzuia, na hata hivyo akaondoka.

Watu wameniuliza kama najuta. Shemeji yangu mwenyekiti ameniuliza kwa macho mara nyingi. Sijuti. Stendi ya Korogwe naijua ilivyo, na mtu aliye hai akanyamaza ni bora kuliko mcheshi aliyekufa kwenye boksi. Ningerudishwa kwenye mkutano ule ningesema vile vile. Na Jumapili alikuwa anakwenda nyuma ya mikaratusi na panga lake, na hilo ndilo alilolitaka, na alilipata. Mwenyewe mpya wa shamba aliyaacha makaburi. Sheria ilipata ndugu wake, kijiji hakikutoa shamba, kila mtu alipata chake.

Mimi pia nilikosa kitu, niseme. Nina watoto wema, nina wajukuu, nikipita wote shikamoo bibi, wananipokea mzigo, wananiwekea kiti. Heshima ni blanketi zuri. Lakini ukifunikwa nalo mpaka kichwani, husikii mtu. Tangu siku ile ya ini hapakuwa tena na mtu duniani wa kunitukana. Hakuna aliyenihesabu ni mwenye nguvu ya kubeba. Nilikuwa navaa gauni jipya la mtumba, na rangi yake inapiga kelele, natoka nalo uwanjani, napita mbele ya mlango wake makusudi. Alikuwa anainua macho, anasema, "Umependeza, dada." Narudi ndani nalivua.

Mvua za vuli za mwaka aliolegea, miguu ilimvimba hata kwenda kwenye mikaratusi hawezi. Nikawa namtuma mtu akafyeke pale, akirudi namwambia Mtani pamefyekwa, anasema asante. Alasiri moja nikampelekea chai. Nilitia majani mengi, sukari nyingi, kama alivyoipenda. Alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni kwake, kofia kichwani, anaangalia maji yanavyotiririka uwanjani. Hapakuwa na mtu. Shemeji yangu mwenyekiti alikuwa ameshafariki, wazee walioshuhudia ini wengi wameshafariki. Nikaona nani wa kutusikia.

Nikamwekea kikombe mkononi, nikasimama mbele yake, mikono kiunoni. Nikasema kwa sauti ya zamani, ile ya kambini:

"We Mnyamwezi, mla michembe ya viazi vikavu. Unakufa lini niweke vitunguu kwenye hicho chumba? Au unaogopa kufa kwa sababu huko hakuna cha kubeba?"

Macho yake yalikuja juu. Naapa niliona kitu. Mdomo ulicheza, pembe moja ilipanda, na shingo ikavuta ile pumzi anayoivuta mtu kabla ya kurusha jiwe. Nikasubiri. Nilijikaza kabisa, nikajiandaa kulipokea popote litakaponipiga, usoni, miguuni, kwenye ukoo wangu wote wa Mtae.

Akaishusha ile pumzi. Akavua kofia taratibu, akaiweka gotini.

"Mungu akipenda, dada," akasema. "Chumba ni chako. Umenitunza vizuri."

Nikakaa naye kidogo kwenye ngazi. Tuliongea habari ya mvua, kwamba mwaka huu ni nzuri, kwamba maharage yatakubali. Alikunywa chai yake, akabakiza. Nilipoinuka kuondoka alijaribu kuinuka na yeye, kwa adabu, nikamzuia bega.

"Ufike salama, dada," akaniambia.

Na mimi nilikuwa nakwenda jikoni kwangu, pale, mlango unatazamana na wake.